Rafiki wa zamu, mwenza aliyefunzwa au kikao cha kundi: mhudumu wa afya Nairobi achague lipi?

Kliniki za HIV jijini Nairobi zimekuwa na makundi ya usaidizi kwa miaka mingi. Anayeanza dawa hukutanishwa na waliomtangulia, hupewa namba ya mwelimishaji rika, na huambiwa asibebe mzigo huo peke yake. Anayemwambia hayo huenda ni muuguzi ambaye usiku wa kuamkia leo alimpoteza mtoto wodini, akaufunga mwili, akajaza fomu, kisha akampokea mgonjwa mwingine kwenye kitanda kilekile, na hakuna aliyemuuliza hali. Hatuhitaji kushawishiwa kwamba watu waliopitia jambo moja wanaweza kuinuana. Wagonjwa tumewajengea utaratibu huo. Sisi wenyewe bado tunaambiana "jikaze".

Njia za wahudumu kusaidiana wenyewe kwa wenyewe zipo, na hazifanani. Hapa nalinganisha tatu zinazowezekana katika hospitali ya Nairobi, iwe ya umma au ya binafsi: mwenzako wa zamu mnayeaminiana, mwenza aliyefunzwa kusikiliza, na kikao cha kundi chenye mwongozaji. Nitagusia pia kikao cha mara moja kinachoitishwa baada ya maafa, kwa sababu wakubwa wetu hukipenda na mimi naona tunapaswa kukiendea kwa tahadhari.

Kwanza ujue unaumia wapi

Watu wengi huchagua njia kabla ya kujua shida. Kuna uchovu unaoingia polepole. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa toleo la 11 iliyoanza kutumika Januari 2022, limeueleza uchovu wa kazi uliopindukia kuwa hali inayotokana na mazingira ya kazi, si ugonjwa, na limetaja sura zake tatu: nguvu kukuishia, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakina tija. Muuguzi aliyekuwa akimjua kila mama wa wodi ya wazazi kwa jina sasa anasema "yule wa kitanda cha saba". Hajawa mtu mbaya. Amechoka kiasi cha kujikinga.

Kuna pigo la tukio moja. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua na damu ya kumwongezea haifiki. Dozi inakosewa. Mwaka 2000 Dkt. Albert Wu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliandika kwamba kosa la tiba linapotokea, mgonjwa ndiye mwathiriwa wa kwanza na mhudumu aliyehusika ni wa pili. Baadhi ya familia zilizopoteza wapendwa wao zimelipinga jina hilo, na nawaelewa: aliyezika hawezi kuwekwa safu moja na aliyekosea. Lakini hali yenyewe ipo. Mtu halali, anarudia tukio kichwani, anaogopa kushika sindano, anaanza kuepuka wodi ambayo jambo hilo lilitokea.

Halafu kuna jeraha la dhamira. Unajua mgonjwa anahitaji nini, unajua jinsi ya kumpa, na huwezi, kwa kuwa oksijeni haitoshi, au kitanda cha wagonjwa mahututi hakipo, au familia imeshindwa kuweka amana. Hili ndilo ambalo wahudumu wa Nairobi hulizungumzia kwa sauti ya chini kuliko yote, kwa sababu linafanana na kuilalamikia serikali au mwajiri.

Aina hizi tatu huchanganyika, lakini moja huwa imetangulia. Hiyo ndiyo ya kukuongoza.

Rafiki wa zamu

Njia hii ipo tayari na haingoji bajeti. Ni yule mnayekunywa naye chai ya saa nne, mnayetoka naye getini asubuhi baada ya zamu ya usiku mkitafuta matatu ya Githurai au Rongai, mko kwenye chama kimoja. Ukifiwa atakuwa wa kwanza kupiga simu. Nguvu yake kubwa ni kwamba hahitaji kuelezwa. Ukisema "tulikuwa wawili kwa wagonjwa arubaini", anajua harufu ya usiku huo, anajua nani alikuwa zamu, anajua ilivyo kumpigia daktari simu mara tatu bila jibu.

Udhaifu wake unatoka palepale. Yeye naye amechoka. Mara nyingi utaanza kusimulia yako, na kabla hujafika nusu atakuletea yake, na mtaachana nyote mkiwa mmebeba zaidi ya mlichokuja nacho. Au atakutuliza haraka: "Sista, hii ndiyo kazi, utazoea." Anasema kwa upendo, lakini amekufunga mdomo. Na kama wote mko chini ya msimamizi mmoja wa wodi, kuna mambo hutamwambia hata akiwa rafiki wa tangu chuo.

Kuhusu kikundi cha WhatsApp cha wodi, niseme wazi: si mahali pa kufungulia jeraha. Kuna watu humo usiowajua vizuri, picha ya skrini husafiri, na ukisimulia kisa chenye maelezo ya mgonjwa umegusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pamoja na maadili ya taaluma yako. Kitumie kuandika "nani yuko huru nimpigie?" Basi. Mengine yasemwe kwa sauti, kwa mtu mmoja.

Rafiki wa zamu anaweza kuwa msaada wa kweli mkikubaliana mambo machache waziwazi. Kabla ya kuanza, mwenye kusikiliza aulize: unataka nikusikilize tu, au unataka tushauriane? Mmoja azungumze hadi amalize, mwingine angoje zamu yake, hata kama zamu hiyo ni kesho. Na muwe mmepanga kabla ya siku mbaya kufika, si kungoja mtu aonekane amevunjika. Katika zamu yenye shughuli nyingi, dakika kumi zilizopangwa zina thamani kuliko saa nzima inayosubiriwa na haiji.

Mwenza aliyefunzwa

Huyu ni mhudumu kama wewe, anayefanya kazi hospitali hiyohiyo, lakini amepata mafunzo mafupi ya kusikiliza, kutambua hatari na kumpeleka mtu mbele panapohitajika. Jina lake liko kwenye orodha inayojulikana. Unamtafuta, mnakutana faraghani, mnazungumza, anafuatilia baada ya siku chache. Haandiki ripoti. Hachunguzi nani alikosea. Hatoi tiba.

Hospitali ya Johns Hopkins ilianzisha mpango wa aina hii mwaka 2011, unaoitwa RISE. Chuo Kikuu cha Missouri, hukohuko Marekani, nacho kimepanga wake katika ngazi tatu: wenzako wa idara wakiwa wa kwanza kukushika, wenza waliofunzwa wakiwa wa pili, na wataalamu kama mwanasaikolojia au kasisi wa hospitali wakiwa wa tatu. Mpangilio huo naupenda kwa kuwa haumfukuzi rafiki wa zamu. Unampa nafasi yake na kumwonyesha mahali pa kukabidhi.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Marekani, hapa nani ana muda. Jibu liko karibu kuliko anavyodhani. Huko Dagoretti, hapahapa Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii wasio na shahada ya saikolojia walifunzwa kutoa msaada mfupi unaoitwa Problem Management Plus, uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, kwa wanawake waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dhiki ya wanawake hao ilipungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Jijini Harare, Dkt. Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na matokeo mazuri ya kazi hiyo yakachapishwa mwaka 2016. Waliosaidiwa huko hawakuwa madaktari wala wauguzi, hivyo sidai kwamba hesabu ni ileile. Ninachoshikilia ni kwamba kusikiliza kwa ustadi kunafundishika, na kumefundishika katika mtaa ambao mgonjwa wako wa leo anatoka.

Msingi wa mafunzo si mgumu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na washirika wake unasimama juu ya vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mtu yuko salama, amekula, ana njia ya kufika nyumbani. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na watu na huduma. Mwenza mzuri huanza na mambo madogo sana: "Pole, daktari. Umelala? Nani yuko nyumbani leo?" Hasemi "najua unavyojisikia". Hasemi "ungefanya hivi".

Sasa mambo yanayoharibu mpango huu. La kwanza ni jinsi wenza wanavyopatikana. Ofisi ya matroni ikiteua majina, itapata watu waadilifu ambao hakuna mtu atawaendea. Waulizwe wafanyakazi kwa kura ya siri: ukipatwa na jambo zito, ungemwendea nani hapa? Majina yatakayojirudia ndiyo ya kufunzwa, na mara nyingi ni watu wasio na cheo. Wawe wa kada mbalimbali, akiwemo mtu wa maabara, mfamasia na mhudumu wa usafi anayeosha damu baada ya kila mtu kuondoka.

La pili ni haraka ya kuhukumu. Tathmini ya RISE ilionyesha kwamba mwaka wa kwanza simu zilikuwa takriban moja kwa mwezi, na baadaye zikafika karibu nne. Hospitali isiyojua hili itaufunga mpango mwezi wa sita ikisema watu hawauhitaji. Watu huangalia kwanza. Wanasubiri kuona kama aliyekwenda mwanzo siri yake ilivuja.

La tatu ni mwenza mwenyewe. Atasikia mengi, naye ana wodi yake. Lazima awe na mtaalamu wa kumsimamia, mshauri aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, wanayekutana naye kila mwezi. Mpango usio na usimamizi huu humla mwenza wake bora mwanzo, na mimi ningeshauri mtu akatae kujiunga nao.

Siri

Hapa ndipo njia hizi zinapotofautiana zaidi, na ndipo mhudumu wa Nairobi anapoamua kama atasema au atanyamaza. Aliye kwenye kandarasi anaogopa isije ikakosa kuongezwa. Daktari mwanagenzi anaogopa mkubwa anayesaini daftari lake. Aliyekosea dozi anaogopa baraza la taaluma. Na kuhusu mawazo ya kujitoa uhai, kulikuwa na hofu ya sheria yenyewe: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Hofu iliyojengeka kwa miaka haiondoki kwa hukumu moja.

Rafiki wa zamu hutunza siri kwa urafiki, na urafiki hukosana. Mwenza aliyefunzwa hutunza kwa kiapo na kwa mipaka inayosemwa mwanzoni: nitanyamaza, isipokuwa maisha yako, ya mtu mwingine au ya mgonjwa yakiwa hatarini. Mtu akiyasikia hayo kabla ya kuanza humwamini zaidi, kwa kuwa anajua ukingo uko wapi. Kikao cha kundi hutunza siri kwa makubaliano ya watu wengi, na hapo uwe mkweli: wakishakuwa kumi na watano, ongea kana kwamba neno lako litafika kantini.

Kama kuna uchunguzi unaoendelea, au kesi, usimsimulie mwenza undani wa tukio. Yeye si wakili. Zungumza naye kuhusu usingizi, hofu, aibu, na jinsi utakavyorudi kazini Jumatatu. Undani mpelekee wakili, au chama chako: KMPDU kwa madaktari, KNUN kwa wauguzi, KUCO kwa maafisa wa kliniki.

Pia usichanganye msaada wa wenza na kikao cha kupitia kifo cha mama mzazi au mtoto mchanga. Kikao kile kinauliza nini kilitokea ili kisitokee tena, nacho ni cha lazima. Lakini mkunga aliyekaa pale saa nzima akiulizwa dakika kwa dakika anahitaji baadaye mtu wa kumuuliza swali jingine. Panga mwenza amngoje mlangoni.

Kikao cha kundi

Kuna vikao vya aina mbili ambavyo vimejaribiwa kwa muda mrefu. Cha kwanza kilitokana na Kenneth Schwartz, wakili wa masuala ya afya wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 na kuacha wito wa kuwatunza wanaotunza wagonjwa. Katika Duru za Schwartz, watu watatu au wanne wa kada tofauti husimulia kwa ufupi jinsi kisa fulani kilivyowagusa, kisha waliohudhuria huongeza yao. Huchukua saa moja, chakula huandaliwa, na hakuna anayetatua shida ya mtu. Tathmini ya Uingereza iliyochapishwa mwaka 2018 ilikuta kwamba miongoni mwa waliohudhuria mara kwa mara, waliokuwa na dhiki ya kisaikolojia walishuka kutoka asilimia 25 hadi 12, huku kwa wasiohudhuria idadi ikibadilika kidogo tu. Watu hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo yapokee kwa kiasi.

Cha pili ni kundi la Balint, lililoanzia London miaka ya 1950 kwa Michael na Enid Balint. Hili ni dogo, watu wanane hadi kumi na wawili, walewale kila mara, pamoja na mwongozaji. Mmoja analeta mgonjwa anayemsumbua, si kitabibu bali moyoni: mgonjwa anayemkasirisha, anayemkwepa, anayemwota. Kundi linafikiri pamoja kuhusu uhusiano huo. Kwa uchovu wa polepole, hasa ule wa kuanza kuwachukia wagonjwa bila kutaka, sijaona njia inayofaa kuliko hii.

Kwa jeraha la dhamira, kikao kikubwa kama Duru za Schwartz kinafaa zaidi. Muuguzi anapomsikia daktari bingwa akisema mbele ya watu kwamba naye alilia ndani ya gari baada ya kumwambia baba hakuna kitanda, kitu kinalegea. Kumbe si mimi niliye dhaifu, ni hali yenyewe inayoumiza. Rafiki mmoja hawezi kukupa hilo, na mwenza mmoja pia hawezi.

Ugumu wake Nairobi ni wa aina tatu, na wa kwanza ni saa. Kikao cha Jumamosi alasiri hakitapata watu: wengine wako kwenye lokamu, yaani kibarua cha zamu, hospitali ya binafsi, wengine kanisani au kwenye chama, wengine wanaishi Kitengela na hawawezi kulipa nauli mara mbili. Kifanyike ndani ya saa za kazi, mara baada ya kupokezana zamu au wakati wa chakula cha mchana, na anayehudhuria awe na wa kumshikia wodi. Ugumu wa pili ni vyeo. Mwanagenzi hatasema neno mbele ya anayemtathmini, kwa hiyo wanagenzi wawe na kundi lao, lenye mwongozaji kutoka hospitali nyingine. Wa tatu ni mwongozaji mwenyewe. Asiye na ujuzi atageuza kikao kuwa baraza la malalamiko au ibada. Vyote viwili vina mahali pake, lakini si hapa.

Kwa jicho la haraka:

| | Rafiki wa zamu | Mwenza aliyefunzwa | Kikao cha kundi |
|---|---|---|---|
| Hufaa zaidi | Siku mbaya ya kawaida | Pigo la tukio moja, kosa, aibu | Uchovu wa polepole, jeraha la dhamira |
| Hupatikana | Leo | Baada ya mafunzo na orodha | Kwa ratiba, kila mwezi au zaidi |
| Siri | Hutegemea urafiki | Ina mipaka iliyotajwa | Ni dhaifu kadiri kundi linavyokua |
| Gharama kwa hospitali | Hakuna | Mafunzo, muda, msimamizi | Mwongozaji, chakula, saa za kazi |
| Hatari yake | Kubebana hadi wote kuanguka | Mwenza kuchoka, kuteuliwa vibaya | Vyeo kufunga midomo |

Kikao cha mara moja baada ya maafa

Jiji hili limeona mengi. Bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 hapa Nairobi na kujeruhi maelfu. Shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 liliua 67. Baada ya matukio kama haya huja fikra njema: wakusanye wafanyakazi wote leo, kila mmoja aeleze alichoona na alivyohisi, yaishe.

Hayaishi. Mapitio ya utafiti yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakuona kwamba kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie tukio upya huzuia msongo wa baada ya kiwewe, na baadhi ya tafiti ziliona madhara. Katika moja, iliyofanywa Wales kwa majeruhi wa moto, asilimia 26 ya waliopitishwa kwenye kikao hicho walikuwa na msongo huo miezi 13 baadaye, dhidi ya asilimia 9 ya wasiopitishwa. Hao walikuwa wagonjwa, si wahudumu, lakini onyo linatosha kwangu. Kuna watu ambao akili yao hujifunika kwanza ili wapate kusimama, na kumvua mtu funiko hilo hadharani ni kumdhuru.

Kukutana kwa dakika kumi kujua kazi ilikwendaje, nani amekunywa maji, nani arudishwe nyumbani na gari la hospitali, ni jambo jema na lifanyike. Kumlazimisha mtu kusimulia, hapana. Orodha ya wenza ibandikwe, kila mmoja aliyekuwepo apigiwe simu kabla ya wiki kuisha, na anayesema "niko sawa" aachwe, kisha aulizwe tena baadaye.

Kwa hiyo uchague lipi?

Kama ni muuguzi au mkunga na kuna usiku mmoja usioachia, nenda kwa mwenza aliyefunzwa, na awe wa wodi nyingine. Kama hospitali yako haina mpango huo, tafuta mtu wa kada yako mliyesoma naye anayefanya kazi hospitali tofauti. Umbali huo hukulinda, na bado anaijua kazi.

Kama huoni tukio lolote la kutaja, ila kila zamu unaingia mguu mzito, mazungumzo ya mtu mmoja yatakupunguzia kwa siku mbili tu. Tafuta au anzisha kundi dogo la kudumu. Miezi sita ya kukutana na watu walewale hufanya kazi ambayo kikao kimoja kizuri hakiwezi.

Wahudumu wa afya ya jamii wako mahali pa pekee, na hawazungumziwi vya kutosha. Wanaishi Korogocho, Mathare au Kibera, pamoja na watu wanaowahudumia. Mtoto aliyefariki ni wa jirani, mama aliyepigwa wanakutana naye bombani. Posho yao iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Wa kumsaidia asitoke mtaa uleule. Wakutanishwe wa mitaa tofauti siku wanapoleta ripoti zao kituoni, kwa kuwa nauli ya siku hiyo wameshailipa.

Daktari mwanagenzi namshauri afanye mawili kwa pamoja: kundi la wanagenzi wenzake, na mtu mmoja mkubwa kwake kikazi ambaye hamtathmini. Mwaka 2024 wanagenzi walibishana na serikali kuhusu malipo ya shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 za makubaliano ya 2017 kati ya chama cha madaktari na serikali. Mwenza hawezi kulipa kodi ya nyumba ya mtu, wala kuongeza wauguzi wodini. Mambo hayo ni ya chama cha wafanyakazi na ya mezani na mwajiri. Hospitali inayoanzisha kundi la kusikilizana huku ikikataa kujaza nafasi zilizo wazi inawaomba wafanyakazi wavumilie kwa ustadi zaidi, na hilo lisemwe kwenye kikao chenyewe bila kuogopa.

Wakati wa kuvuka kwenda kwa mtaalamu

Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, pombe au dawa za wodini zikianza kuwa ndiyo njia ya kulala, ukijikuta unaliona tukio tena ukiwa macho, au ukiwaza kwamba watu wangekuwa afadhali bila wewe, usiishie kwa mwenza. Akusindikize, lakini usiishie kwake. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapokea simu bila malipo kwa namba 1199. Befrienders Kenya husikiliza walio kwenye mawazo ya kujitoa uhai. Hospitali ya Kitaifa ya Mathari ina wataalamu wa afya ya akili, na ukiona haya kukutana na mliosoma pamoja, omba rufaa ya hospitali nyingine. Aliye hatarini sasa hivi asiachwe peke yake hata kwa dakika za kwenda kutafuta gari. Mtu mmoja akae naye, mwingine apige simu.

Na kwa wewe unayesimamia wodi na umesoma hadi hapa ukitafuta pa kuanzia: omba utawala ukupe saa moja ya kazi kwa mwezi, chumba chenye mlango unaofungwa kisicho karibu na ofisi ya matroni, na mshauri mmoja aliyesajiliwa wa kuwasimamia wenza. Kisha pitisha kura ya siri. Ukipewa saa na chumba bila msimamizi, anza na kundi dogo la watu wanaojitolea, uache suala la wenza hadi msimamizi apatikane.